Chembe Yenye Jina Letu

Kazini walimwita Pumzi, kwa sababu alipoinua chembe ya vumbi kwa ncha ya sindano hakupumua. Wenzake walizoea kumchungulia kwenye kioo cha mlango, wakingoja waone kipi kitatangulia, chembe kutua au yeye kuzimia. Hakuzimia hata mara moja. Chembe ikishatua mahali pake, mabega yalimshuka na pua ikamlia kama ya mtu aliyeibuka kutoka majini.

Kubana pumzi hakukuwa madoido. Chembe zenyewe zilikuwa nyembamba kuliko unywele, na mtu akipiga chafya mle chumbani, kitu kilichosafiri tangu kabla ya dunia kuumbwa kingeishia sakafuni pamoja na magamba ya visigino vya watu.

Vumbi hilo lililetwa na ndege. Ndege yenyewe iliruka juu kupita mawingu yote, ikiwa imetoa nje vibao vilivyopakwa mafuta mazito ya kunata, kama gundi ya kunasia panya. Chochote kilichokuwa kikielea huko kilinaswa. Kingine kilikuwa takataka za dunia hii hii, moshi wa injini na rangi iliyobanduka kwenye bawa. Kingine kilikuwa vumbi la kometi, zile nyota zenye mkia. Kometi ikipita karibu na jua hutokota na kumwaga vumbi njiani, na dunia ikikatiza njia ile, vumbi linatushukia kimya kimya juu ya vichwa na mapaa, wala hakuna anayejua kwamba amefuta meza iliyoingiliwa na mbingu. Kazi ya Pumzi ilikuwa kupekua mafuta yale kwa darubini, kutenga cha juu na cha chini, kuosha chembe, kuigandisha ndani ya gundi ngumu, kisha kuikata vipande vyembamba ambavyo fundi wa darubini kubwa angeviangalia ndani.

Alikuwa amesoma mambo ya miamba chuoni, akafaulu, akaolewa, akazaa. Aliporudi kutafuta kazi watoto walishaanza shule, na vyeti vyake vilikuwa vimeanza kuwa rangi ya chai. Aliyempokea alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mkuu wa maabara ile. Wifi ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Alimwambia chembe ni kama mkwe, ukiiendea kwa pupa inakukimbia, ngoja ikuzoee. Walicheka sana siku hizo. Wakati wa mapumziko walikaa ngazini na vikombe vyao, wakimsengenya kaka mtu, yaani mume wa Pumzi, fundi makochi ambaye hakuna hata kiti kimoja nyumbani kwake kisichokuwa na mguu uliolegea.

Kitu kimoja tu kilimsumbua Pumzi. Alikuwa mtu wa mkataba wa mwaka kwa mwaka, na kila mwisho wa mwaka alilala vibaya. Sasa baraza la taasisi lilikuwa limetangaza nafasi moja ya mtafiti wa kudumu, na sharti lake lilikuwa fupi, kwamba mwombaji awe na ugunduzi ulioandikwa jina lake miongoni mwa wagunduzi. Mkataba wa Pumzi ulikuwa wa mwisho, haukuwa wa kurudiwa tena. Bila nafasi ile angerudi nyumbani kuhesabu miguu ya makochi. Wifi mwenyewe ndiye aliyemletea habari. "Pata ugunduzi mmoja tu, wifi yangu," alimwambia, "nami nitakusukuma kwa mikono miwili."

Akaupata. Asubuhi moja alikuwa akikagua kipande alichokikata jana yake, akaona pembeni mwa chembe pana weusi ambao haukukaa kama weusi aliouzoea. Alikigeuza. Mwanga ulipopita pale ulirudi na rangi ambayo hakuwa na neno lake. Akakipeleka kwa fundi wa darubini kubwa, mtu mnene mwenye mzaha, aliyesema kwanza kwamba bila shaka ni kipande cha bawa, halafu ni kosa la mashine, halafu akanyamaza, na Pumzi akajua. Mtu yule hakuwa na kawaida ya kunyamaza. Walilinganisha na madini yote yanayojulikana duniani. Hakuna ndugu yake hata mmoja.

Wifi alipoletewa alivuta kiti akakaa. Tangu siku hiyo hakuondoka mezani ila kwenda kulala. Yeye ndiye aliyepiga hesabu za jinsi chembechembe za madini yale zilivyopangana ndani kwa ndani, na kusema ukweli, hakuna mwingine mle ndani ambaye angeweza. Kwa hiyo Pumzi aliiona, fundi akaipima, wifi akaielewa. Pumzi aliwaza hivyo, na akaona ni haki, watu watatu na majina matatu.

Madini mapya hayawi madini mpaka yakubaliwe na kamati ya wataalamu wa dunia, na hayakubaliwi bila jina. Habari ya jina Pumzi aliisikia Jumapili mchana, nyumbani kwa mama mkwe, walipoalikwa wote kula. Wifi alisimama, akagonga glasi kwa kijiko. Alisema jiwe jipya limetoka mbinguni, na yeye kama mkuu wa maabara ndiye anayepeleka jina, na ameamua liitwe kwa jina la mke wa kaka yake, kwa sababu mikono yake ndiyo iliyolipokea.

Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Mume wa Pumzi alisimama, akakaa, akasimama tena, na vumbi la sponji likamdondoka kwenye suruali. Jina la Pumzi kwenye karatasi za kazini lilikuwa jina la ukoo wa mumewe, alilobadilisha alipoolewa, hivyo jiwe lingebeba jina lile na kale kamkia kadogo ambako majina ya madini huwekewa mwishoni. "Jina letu," mama mkwe alisema. "Jina letu," wakaitikia, mmoja baada ya mwingine, hata watoto waliokuwa chini ya meza.

Pumzi alikuwa na sahani mkononi. Macho yote yalimgeukia, na yeye tangu utotoni alikuwa hawezi kusimama mbele ya macho mengi bila kutaka yaondoke haraka. Akasema, "Ahsante, wifi."

Neno hilo lilimgharimu. Ahsante iliyosemwa mbele ya ukoo mzima ni kama mswaki, ukishautia mdomoni humrudishii mwenyewe.

Jumatatu wifi alimwekea karatasi mezani. Alimweleza kwamba mtu aliye hai, jiwe likitaka kupewa jina lake, ni lazima akubali kwa sahihi, na kwamba atie hapo chini kamati isije ikasubiri. Pumzi alichukua kalamu. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, akauliza orodha ya wagunduzi imekaaje. Wifi akasema imekaa vizuri, yuko yeye na fundi.

"Na mimi?"

"Wewe ndiye jiwe, wifi."

Akamweleza polepole, kama alivyomfundisha sindano. Katika kazi hii mtu haliiti jiwe kwa jina lake mwenyewe. Ni aibu, ni sawa na kujiimbia kwenye harusi yako. Kwa hiyo Pumzi akiwemo kwenye orodha ya wagunduzi, kamati italikataa jina. Jina likipita, Pumzi hawezi kuwemo kwenye orodha. "Huwezi kuwa bibi harusi na mshenga kwa siku moja," wifi alisema, na akatabasamu kwa upendo ambao Pumzi mpaka leo hajui kama ulikuwa wa uongo.

Akauliza habari ya baraza na ile nafasi. Wifi akajibu kwamba baraza litafurahi, nani mwingine pale ana jiwe, na yeye mwenyewe atakwenda kuwaeleza. Lakini Pumzi alilijua baraza. Ni watu waliosoma karatasi, si watu waliosikiliza maelezo. Sharti lilisema mgunduzi. Halikusema jiwe.

Aliirudisha kalamu mezani, akasema ataitia sahihi kesho, leo mikono ina mafuta.

Kesho ikawa kesho kutwa. Jioni mumewe alimuuliza kulikoni, maana dada yake alikuwa amempigia simu kwa sauti ya kulalama. Alikuwa akitandika kitambaa juu ya kochi la mteja, naye Pumzi akimshikia pembe ili kisije kikapinda, huku akimweleza yote, orodha na nafasi na mkataba. Mume alisikiliza na misumari mdomoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetaka kila jambo likae bapa, kama kitambaa.

"Mke wangu," alisema alipoitema misumari, "mimi nikifa leo, kochi gani litasema nilikuwepo? Watu wanaikalia tu kazi yangu. Wewe umepewa mbingu, unalilia orodha."

"Orodha ndiyo kazi yangu."

"Kazi zinakwisha. Mimi mwenyewe nitakulisha, sijawahi kukulaza njaa." Akagonga msumari mmoja. "Hebu fikiria. Jina la baba yangu. Mzee wa watu amepangusa mawe mle ghalani mpaka mgongo ukapinda, na hakuna aliyemwambia pole. Leo jina lake limekaa juu ya jiwe la mbinguni."

Pumzi aliiachia pembe ya kitambaa. Baba mkwe, marehemu, alikuwa mtunza ghala la mawe la taasisi ile ile, tangu ujana wake hadi alipostaafu. Kila jiwe lililokuwa mle ghalani lilikuwa limepita mikononi mwake, na ni yeye aliyempeleka binti yake mdogo ghalani, akamkalisha juu ya sanduku, akampa mawe achezee. Wifi aliwasimulia hadithi hiyo wageni wote wa maabara.

"Jina la baba yako," Pumzi alisema.

"Si ndiyo nasema."

"Hapana. Dada yako hakusema hivyo."

Mume akamtazama, akaokota pembe ya kitambaa, akaishika mwenyewe kwa goti.

Asubuhi yake Pumzi alimkuta wifi kwenye kijumba cha kubadilishia nguo, pale watu wanapovaa magwanda meupe na kofia za nywele kabla ya kuingia kwenye vumbi. Walikuwa wawili tu. Hakutaka kukaa na lile swali mpaka likachacha kama maziwa.

"Wifi, jina la baba ni hili hili."

Wifi alikuwa akiingiza nywele ndani ya kofia. "Ndiyo."

"Amewatunzia mawe maisha yake yote. Kamati isingemkataa."

"Isingemkataa."

"Na marehemu haombwi sahihi. Jiwe lingeitwa vile vile, herufi kwa herufi, na mimi ningebaki kwenye orodha. Kwa nini mimi na si yeye?"

Wifi alikaza kamba ya kofia, akailegeza, akaikaza tena. Kioo cha ukutani kiliwaonyesha wote wawili, weupe kama mayai mawili. Angeweza kudanganya. Pumzi alikuwa akimngoja adanganye, na angemwamini, na pengine wangetoka pale wakaenda ngazini na vikombe vyao.

"Baba hayumo njiani kwangu," wifi alisema.

Akayasema na mengine, bila hasira. Kwamba watu wa nje wakisikia habari ya jiwe jipya, swali lao la kwanza huwa ni nani aliliona. Hawaulizi ni nani alilielewa. Kwamba yeye ameosha vumbi la kometi tangu ujana wake, ameacha kuolewa, ameacha kuzaa, macho yamemwisha, na bahati yake ilipokuja ilimpita mlangoni ikaenda kukaa juu ya sindano ya mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha juzi. "Uliokota bahati yangu," alisema. "Sikukuibia. Nilikupa kitu kikubwa kuliko nilichochukua. Ni nani mwingine angekupa?"

Pumzi alifunga vifungo vya gwanda, akaingia kazini. Alibaki na ile karatasi, na hakuitia sahihi.

Wiki ile haikuisha kabla kikao hakijaitwa. Aliyekiita ni baba mdogo, mdogo wake marehemu, mzee mwembamba aliyependa vikao kuliko chakula na aliyekuja na mto wake mwenyewe wa kukalia, kwa kuwa hakuyaamini makochi ya mtoto wa kaka yake. Walikaa sebuleni kwa mama mkwe, alasiri, madirisha yakiwa wazi. Mama mkwe alikaa katikati. Wifi alikaa upande wa mama yake, mume wa Pumzi akakaa karibu na mlango kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

Baba mdogo alifungua kwa kusema wamesikia kwamba jina la ukoo limemkwama mkwe wao kooni, wakaona waje wampige mgongoni kidogo. Akauliza kama katika nyumba hii aliwahi kuteswa. Akauliza kama jina hilo, alilolivaa siku ya harusi kwa shangwe, sasa limembana kama kiatu. Mama mkwe akaongeza kwamba amewaambia majirani wote, na mmoja ameshamuuliza jiwe litauzwa lini, naye amemjibu kwamba la mbinguni haliuzwi. Sasa awaambie nini? Kwamba mkwe amelitema?

Maneno yalimpiga Pumzi moja moja naye akiangalia vidole vyake. Vidole hivyo vingeweza kuinua kitu kisichoonekana, lakini ulimi wake hakuweza kuuinua. Alijua la kusema. Alijua vilevile kwamba likishasemwa halitampiga yeye, litapita juu yake limpige mtu mwingine, na huyo mwingine alikuwa ameketi akiwa ameshika mkono wa mama yake.

Angeweza kuzungumzia nafasi na mkataba tu. Alijaribu. Baba mdogo akamkatiza, akauliza ni lini cheo kimekuwa kikubwa kuliko jina la watu. Mume wake hakuinua kichwa.

"Liwe la baba," Pumzi alisema.

Hawakuelewa. Akarudia, kwa sauti iliyomtoka nyembamba. Jiwe lipewe jina la baba mkwe. Ni jina hilo hilo. Kamati itakubali, na marehemu haombwi ruhusa, na yeye atabaki mgunduzi kama alivyo.

"Sasa kama ni lile lile," baba mdogo alisema, "tofauti iko wapi?"

Aliyeiona tofauti ni mama mkwe. Ilimchukua muda, kama mtu anayetafuta uzi kwenye tundu la sindano. Kisha aliutoa mkono wake polepole kutoka mkononi mwa binti yake, akaupakata.

"Baba yako ulimfikiria?" alimuuliza.

"Nilimfikiria, mama."

"Kabla ya kumfikiria huyu?"

Wifi aliangalia zulia. "Kabla."

"Ukamruka."

Nje kulikuwa na mtu anafagia, na ufagio wake ulisikika vizuri sana. Wifi alisema, "Nilimruka, mama." Hakueleza zaidi, na mama yake hakuuliza sababu. Labda aliiogopa. Aliinuka akaenda chumbani kwake, na mlango haukupigwa. Ulifungwa tu.

Baba mdogo, kwa kuwa kikao ni lazima kifungwe, alisema basi liwe la marehemu, na orodha ikae kama ilivyostahili. Akachukua mto wake.

Ikawa hivyo. Wifi aliyaandika upya maombi kwa mkono wake mwenyewe, majina matatu, na hata katika mpangilio alimtendea haki, alimweka Pumzi wa kwanza. Kamati ya dunia ikakubali. Baraza likasoma karatasi zake, halikuuliza maelezo, likampa Pumzi nafasi. Kila alichokitaka alikipata, na mtu anayesikiliza kwa mbali angesema hadithi imekwisha vizuri.

Lakini mama na binti hawawezi kununiana milele. Wifi alikwenda kwa mama yake siku baada ya siku, akafua, akapika, akalala chini kando ya kitanda, mpaka mzee akalainika. Damu ilirudi kwenye damu. Uchungu haukuisha, ila ulihama, na kwa kuwa uchungu lazima ukae mahali, ulitafuta aliye mgeni katika nyumba ile. Pumzi alipokwenda kusalimia, salamu ziliishia kwenye "nzuri". Mzee alipougua kifua, Pumzi alipata habari kwa jirani. Majirani walisimuliwa kwamba kulikuwa na mkwe aliyelikataa jina la ukoo kwa sababu ya cheo, ndipo likapewa marehemu.

Mume wake alimwambia mara moja tu, "Ulikuwa na haki." Alilisema kama mtu anavyosema, una homa.

Kazini, wifi hakumwita tena wifi. Alimwita Bi Mtafiti, akampa gwanda jipya na meza karibu na dirisha. Hakumdhulumu hata kwa jambo dogo. Vibao vizuri vilimfikia, makosa yake yalisahihishwa kwa upole, na adabu ile ilikuwa kali kuliko matusi. Fundi wa darubini kubwa alijaribu mzaha mara mbili tatu ili awarudishe, kisha naye akachoka, akaanza kunywa chai peke yake.

Jiwe lilionyeshwa watu katika ukumbi wa mbele wa taasisi. Si jiwe la kushikwa. Kipande kilichobaki, kile ambacho hakikuliwa na vipimo, kiliwekwa chini ya darubini juu ya meza ndefu, na ukutani wakatundika picha yake iliyokuzwa pamoja na picha ya marehemu akiwa na tambara begani. Wageni walipanga mstari waje kuchungulia mmoja mmoja. Pumzi alipewa kazi ya kusimama pale na kurekebisha kioo kwa kila jicho, maana macho ya watu hayafanani. Wifi alikuwa upande wa pili, akijibu maswali, na alijibu vizuri.

Mama mkwe alifika akiwa ameshikwa mkono na mwanawe. Alivaa vizuri. Aliinama juu ya darubini, mkono mmoja kiunoni.

"Iko wapi?"

"Hapo katikati, mama. Penye weusi."

"Hiki?"

"Hicho."

Mzee alibadilisha jicho. "Mume wangu alikuwa jitu la mtu," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Akilala, kitanda kinaomba msamaha." Mstari mzima ukacheka, hata wifi alicheka, na mume wa Pumzi akafurahi kwamba mambo sasa yanakaa bapa.

Lakini mama mkwe hakuinuka. Aliendelea kuinama, jicho kwenye kioo, wakati kicheko kikiisha, na alipozungumza tena ilikuwa kwa sauti ya kufika sikio moja.

"Mimi sikuwa na mali," alisema. "Nilikuwa na jambo moja. Nilijua huyu binti anampenda baba yake kuliko kitu chochote duniani. Nikiamka usiku nalikumbuka hilo, nalala. Sasa nikiamka nakukumbuka wewe pale sebuleni."

Pumzi alikuwa ameshika kirungu cha kurekebishia kioo. Alisema, "Mama, mimi sikutaka..."

"Ungetia sahihi tu," mama mkwe alisema. "Mimi nisingejua."

Akainuka, akarekebisha mtandio, akampa mwanawe mkono waende kuiangalia ile picha ya ukutani. Nyuma yake alikuwa amesimama baba mdogo, amechoka kusubiri, akiuliza afumbe jicho lipi. Pumzi alikipangusa kioo, maana kilikuwa kimelowa, akamwonyesha.